Peni Moja ya Nauli na Kung'oka kwa Makaburu

Muulize Mtanzania wa rika langu makaburu waling'okaje Afrika Kusini. Atakutajia Mandela, kisha Kongwa na Mazimbu, kisha vikwazo vya uchumi, na akiwa mpenzi wa historia ataongeza mapigano ya Cuito Cuanavale kule Angola. Hajakosea. Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu mwaka 1963. Wapiganaji wa ANC, chama cha ukombozi cha Mandela, walipiga kambi Kongwa mwaka uliofuata. Pale Mazimbu, Morogoro, kwenye shamba la zamani la mkonge, ilijengwa shule iliyobeba jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Tuna kila sababu ya kujivunia. Ila historia hii tunayosimuliana ina pengo ambalo limenikera kwa muda mrefu: haina abiria. Haina mpangaji, haina mfua nguo, haina mama anayekwenda dukani kununua sukari. Ina mashujaa na bunduki, basi.

Mimi nadhani makaburu walichimbwa msingi na watu waliokataa kulipa. Walikataa nauli, kodi ya nyumba, na kununua kwenye maduka ya Wazungu. Walikataa pia kutoa nguvu kazi yao kwa mshahara wa kuchekesha. Bunduki na vikwazo vilisaidia, lakini vilifika kwenye nyumba ambayo nguzo zake zilikuwa zimeanza kuliwa tangu ndani.

Chukua Alexandra. Ni mtaa wa kaskazini mwa Johannesburg ulioanzishwa mwaka 1912, moja ya sehemu chache mno ambako Mwafrika aliweza kumiliki kiwanja. Watu walibanana humo bila umeme, hata mtaa ukabatizwa jina la Jiji la Giza. Kazi zilikuwa mjini, kama kilometa 15 hivi, na wa kuwapeleka huko ni kampuni moja ya mabasi, PUTCO. Tarehe 7 Januari 1957 kampuni hiyo ilipandisha nauli kutoka peni nne hadi peni tano.

Peni moja. Kwa asiyezijua hesabu za zamani, peni 12 ni shilingi. Kwenda na kurudi ni peni mbili za ziada kwa siku, na kwa wiki ya siku sita za kazi, shilingi nzima imeondoka. Kwa familia ambayo mshahara ulikuwa ukiisha kabla ya chakula, shilingi kwa wiki haikuwa jambo la kupuuza. Asubuhi hiyo mabasi yalitoka Alexandra matupu. Kauli mbiu ilikuwa Azikhwelwa, yaani hayapandwi, na mgomo ukasambaa hadi Sophiatown, Newclare na vitongoji vya Pretoria. Ulipofika kileleni, watu wapatao elfu 70 walikuwa wakienda kazini kwa miguu, na wengine kwa baiskeli, kila siku ya kazi, kwa muda wa miezi mitatu, msimu wa mvua za radi za kiangazi cha huko.

Elfu 70! Na hawakuwa wamekusanywa uwanjani kumsikiliza kiongozi kisha wakarudi nyumbani kulala. Hawa waliamka kabla ya jua, wakatembea, wakafanya kazi ya sulubu kutwa nzima, wakatembea tena kurudi, na kesho yake wakaanza upya. Polisi waliwavizia njiani. Waliwasimamisha kukagua pasi, vitambulisho ambavyo Mwafrika alilazimika kutembea navyo, wakatoa upepo kwenye tairi za baiskeli, wakasimamisha teksi na kuhesabu abiria. Kuna Wazungu waliokuwa wakisimama kuwapa watembea kwa miguu lifti, na hao nao walisimamishwa na kukaguliwa leseni. Serikali inayojiita imara, inatoa upepo kwenye tairi za baiskeli za wafagiaji. Sijui kama kuna picha nyingine inayoonyesha woga wa makaburu kuliko hiyo.

Waziri wa Uchukuzi, Ben Schoeman, alishikilia kwamba mgomo ule ni wa kisiasa na wala hauhusu nauli, akakataa kukubali lolote. Kwa namna yake alikuwa na hoja, ingawa si ile aliyoikusudia. Watu waligoma kwa sababu ya peni. Lakini kwa nini wafanyakazi wa mji walilazimishwa kuishi kilometa 15 kutoka kazini? Kwa nini mshahara wa Mwafrika ulipangwa na watu ambao hakuwapigia kura? Kila ukiifuatilia peni ile unafika kwenye siasa. Kamati ya mgomo yenyewe ilikuwa ya mchanganyiko wa ajabu. Walikuwamo watu wa ANC kama Alfred Nzo, ambaye mwaka 1994 angekuja kuwa waziri wa mambo ya nje wa Mandela. Alikuwamo Josias Madzunya, Mwafrikanisti, yaani muumini wa Afrika kwa Waafrika, mwenye ulimi mkali, aliyejulikana kwa kuvaa koti zito hata wakati wa joto. Walikuwamo wenye viwanja, wapangaji na watu wa makundi madogo ya mrengo wa kushoto, na wote walikuwa wakinyukana kwa maneno. Mgomo haukuhitaji wapendane. Ulihitaji mabasi yabaki matupu.

Wenye maduka na viwanda ndio waliochoka mwanzo. Mfanyakazi aliyetembea kilometa 15 anafika amechoka, na jioni anaomba aondoke mapema. Chemba ya wafanyabiashara ya Johannesburg ikatafuta namna ya kufidia ile peni kutoka mfukoni mwake, na Aprili watu wengi wakarudi kwenye mabasi kwa peni nne zile zile, huku Pretoria wengine wakiendelea kugoma. Baadaye Bunge, lile lile la Wazungu watupu, likapitisha sheria ya kuwatoza waajiri ili nauli ya Waafrika ipate ruzuku. Viongozi wa mgomo waligombana vibaya kuhusu makubaliano hayo, na kuna waliosema umma umeuzwa. Mimi nawaelewa, lakini nauli ilibaki peni nne.

Kinachonishangaza ni jinsi tulivyoisahau. Mgomo wa mabasi wa Montgomery, Marekani, ulimalizika Desemba 1956, wiki chache tu kabla ya huu kuanza, na leo mtoto wa sekondari Dar es Salaam anaweza kukutajia Rosa Parks bila kufikiri. Mwulize kuhusu Alexandra uone atakavyokutazama. Na watu wa Alexandra walikuwa na uzoefu kabla ya hapo: mwaka 1943 walitembea hadi nauli ikarudi chini, na mwishoni mwa 1944 wakagoma tena kwa wiki saba. Afrika tuna desturi ya kuwakumbuka waliozungumza vizuri na kuwasahau waliotembea sana.

Sasa weka mgomo huo karibu na tukio linalosherehekewa zaidi. Tarehe 9 Agosti 1956, miezi mitano kabla ya mabasi kususiwa, wanawake wapatao elfu 20 waliandamana hadi Union Buildings mjini Pretoria kupinga wanawake kubebeshwa pasi. Walioongoza msafara ni Lilian Ngoyi, Helen Joseph, Rahima Moosa na Sophia Williams. Waliacha marundo ya barua za malalamiko kwa waziri mkuu Strijdom, ambaye hakutokea, wakasimama kimya nusu saa, kisha wakaimba. Ni tukio kubwa, na siku hiyo leo ni sikukuu ya kitaifa kule. Jirani zetu wa Kenya hawahitaji kueleweshwa chuki ya pasi: wazee wao walivalishwa shingoni kipande, kitambulisho cha kikoloni, na Machi 1922 Mary Muthoni Nyanjiru alipigwa risasi Nairobi katika umati uliodai mwanasiasa Harry Thuku aachiwe.

Lakini tuseme ukweli. Maandamano ya Pretoria hayakuzuia pasi. Kufika mwaka 1963 kila mwanamke Mwafrika alitakiwa kuwa nayo kisheria. Tukio zuri kuliko yote likashindwa, na kelele za peni moja zikashinda. Kwa nini? Kwa maoni yangu, barua za malalamiko hazikumpunguzia kaburu chochote. Alizifungia kabatini. Basi tupu lilimpunguzia hela kila asubuhi, na kiwanda chenye wafanyakazi hoi kilimpunguzia hela kila mchana. Siwadharau wanawake wale hata kidogo. Ujasiri wao ulikuwa mkubwa kuliko wa mtu yeyote ninayemjua. Nasema tu kwamba ujasiri na uwezo wa kumbana adui ni mambo mawili, na mara nyingi tunayachanganya.

Yaliyofuata yanajulikana, kwa hiyo nayapita haraka. Tarehe 21 Machi 1960 polisi waliua watu 69 Sharpeville, katika kampeni ya PAC, chama cha Waafrikanisti waliojitenga na ANC, ya kuziacha pasi nyumbani na kujipeleka vituoni ili wakamatwe. ANC na PAC zikapigwa marufuku mwezi uliofuata, viongozi wakafungwa au wakakimbilia nje, wengi wakapitia kwetu. Ukawa ukimya wa zaidi ya muongo mmoja, na katika ukimya huo ndipo fikra ya kwamba ukombozi utaletwa kutoka nje, kwa bunduki, ilipojikita vichwani mwetu. Haikuwa fikra ya kijinga. Ndani kulionekana kumekufa.

Kumbe hakukufa. Tarehe 9 Januari 1973, Durban, wafanyakazi wa kiwanda cha matofali cha Coronation waliacha kazi kabla ya mapambazuko. Mshahara wa chini ulikuwa pungufu ya randi tisa kwa wiki. Walipoambiwa wachague wawakilishi wa kuzungumza na menejimenti, walikataa, kwa sababu walijua mwakilishi ndiye hufukuzwa wa kwanza na ndiye polisi humjia usiku. Wakakaa uwanja wa mpira, wote kwa pamoja, wakataka wajibiwe wote kwa pamoja. Hata mfalme wa Wazulu, Goodwill Zwelithini, aliletwa kuzungumza nao. Walipata nyongeza ya randi mbili na ushei, wakarudi kazini, na moto ukahamia viwanda vya nguo, bandarini, hadi kwa wafanyakazi wa manispaa. Ndani ya miezi michache makumi ya maelfu walikuwa wamegoma, wakati sheria haikumtambua Mwafrika kama mwanachama halali wa chama cha wafanyakazi.

Hapo ndipo ninapoweka alama kubwa zaidi katika historia hii, kubwa kuliko maandamano ya wanafunzi wa Soweto ya Juni 16, 1976, na najua wengi hawatakubaliana nami. Watoto wa Soweto waliuonyesha ulimwengu sura ya makaburu, na waliovuka mipaka baada ya Juni 16 ndio walioijaza Mazimbu. Lakini wafanyakazi wa Durban waligundua jambo ambalo serikali haikuweza kulifuta kwa risasi: uchumi wa Wazungu haukuweza kwenda bila wao, na huwezi kuwafukuza watu elfu 60 kwa siku moja. Mwaka 1979 serikali ililazimika kuruhusu vyama vya wafanyakazi Waafrika visajiliwe, ikitarajia kuvidhibiti. Desemba 1985 COSATU, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, ikazaliwa katika jiji lile lile la Durban, ikiwa na karibu wanachama nusu milioni.

Miaka ya themanini ndiyo mavuno. Tarehe 20 Agosti 1983, Mitchells Plain, Cape Town, ulizinduliwa muungano wa UDF kupinga katiba mpya iliyowapa Machotara na Wahindi mabunge yao ya pembeni na kuwaacha Waafrika nje. Ndani ya UDF kulikuwa na mamia ya vikundi: vya wanafunzi, vya makanisa, vya kinamama, vya wapangaji, hata vya michezo. Mwaka mmoja baadaye, Septemba 1984, vitongoji vya Vaal kama Sebokeng na Sharpeville vikalipuka. Chanzo? Kodi ya nyumba ilikuwa imepandishwa. Mambo ya peni tena.

Mfano ninaoupenda ni Port Elizabeth, Julai 1985. Wanaharakati wa vitongoji vya New Brighton, Kwazakhele na Zwide, msemaji wao akiwa Mkhuseli Jack, kijana aliyekuwa hajafika miaka 30, walitangaza kususia maduka yote ya Wazungu. Madai yao: askari waondoke vitongojini, wafungwa waachiwe, na huduma za umma zifunguliwe kwa wote. Kamati za mitaa zilipita nyumba kwa nyumba. Wenye maduka ya vitongojini waliombwa wasitumie nafasi hiyo kupandisha bei, na hapo ndipo unapoona akili ya watu wale, maana mgomo wa namna hiyo huuawa na walanguzi wa upande wako kabla haujauawa na polisi. Siku chache baadaye Rais P. W. Botha akatangaza hali ya hatari. Haikufua dafu. Unaweza kumkamata mtu kwa kuandamana, lakini utamkamataje kwa kutonunua sufuria?

Maduka ya katikati ya jiji yakakauka. Wafanyabiashara Wazungu, ambao wengi walikuwa wakiipigia kura serikali hiyo hiyo au kuivumilia bila kelele, wakaanza kuiomba iwaachie viongozi wa mgomo ili wapate mtu wa kuzungumza naye. Novemba Jack na wenzake waliachiwa, na mgomo ukasitishwa hadi mwisho wa Machi 1986. Baada ya hapo ulirudi, na Juni mwaka huo serikali ikatangaza hali ya hatari nchi nzima na kuzoa maelfu. Wakati huo huo Soweto ilikuwa imeacha kulipa kodi ya nyumba, mgomo uliodumu miaka na kuzifilisi kabisa halmashauri za vibaraka.

Sitaki mtu adhani nauza hadithi ya malaika. Migomo ile ilikuwa na upande mchafu, na wanaoisimulia kwa kuuficha wanaidhalilisha. Kuna wazee waliokutwa na mifuko ya maduka ya mjini wakalazimishwa kunywa mafuta ya kupikia au kula sabuni waliyonunua. Ushahidi huo ulitolewa wazi mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza maovu ya enzi hizo baada ya makaburu kung'oka. Kuna walioshukiwa kuwa vibaraka wakavishwa tairi lililomwagiwa petroli na kuchomwa wakiwa hai. Askofu Desmond Tutu aliingia mwenyewe katikati ya umati wenye hasira kule Duduza mwaka 1985 kumwokoa mtu wa namna hiyo. Pale kamati za mitaa zilipokuwa na wazee, walimu na kinamama, kama Cradock ya mwalimu Matthew Goniwe, nidhamu ilikuwapo. Makaburu waliliona hilo: usiku wa tarehe 27 Juni 1985 Goniwe na wenzake watatu waliuawa na vyombo vya usalama. Viongozi walipochinjwa au kufungwa, vijana wadogo walibaki na mamlaka wasiyoweza kuyabeba.

Najua jibu litakalokuja kwenye maoni: bila vikwazo na mabenki, hayo yote yangekuwa kelele. Haya, tuangalie tarehe. Benki ya Chase Manhattan ilikataa kuendelea kuikopesha Afrika Kusini katikati ya mwaka 1985. Benki ile ilikuwa imekaa na makaburu kwa miaka mingi bila kuona dhambi yoyote. Kilichobadilika mwaka huo ni kwamba vitongoji vilikuwa vinawaka, maduka hayana wateja, na migodi na viwanda vina vyama vya wafanyakazi vyenye meno. Benki iliona mkopaji asiyeaminika tena. Walioifanya Afrika Kusini isikopesheke ni wapangaji wa Sebokeng na wanunuzi wa Port Elizabeth. Wanaharakati wa London na New York waliofanya kazi nzuri ya kushinikiza benki zao walipewa hoja na watu hao.

Sehemu inayonihuzunisha inakuja baada ya ushindi. Mandela alitoka gerezani tarehe 11 Februari 1990, ANC ikarejea nyumbani ikiwa na ofisi, wanadiplomasia na makamanda wake, na UDF ikaonekana imemaliza kazi. Ilijivunja yenyewe tarehe 20 Agosti 1991, miaka minane kamili tangu kuzinduliwa. Naliona hilo kuwa kosa kubwa. Zile kamati za mitaa zilikuwa shule ambamo mfua nguo alijifunza kuongoza mkutano na kumwambia mtu mkubwa hapana. Kuzikunja na kuliachia kila kitu tawi la chama ilikuwa ni kuwarudisha wananchi kwenye viti vya wasikilizaji. Mwaka 1995 serikali mpya ikaanzisha kampeni ya Masakhane kuwahimiza watu walipe kodi na huduma. Wanasiasa waliokuwa wakiwaambia watu wasilipe sasa waliwabembeleza walipe, na hawakuwa tena na mtu wa kupita nyumba kwa nyumba kuwaeleza kwa nini, wala wa kurudi ofisini na majibu ya wananchi kwamba maji yenyewe hayatoki.